Shamba la Anathothi: imani ya moyo wote inafananaje?

Kila mwisho wa mwaka makanisa mengi hapa Kisumu hukesha, na alfajiri waumini hutoka na neno la mwaka midomoni. Mara nyingi ni Yeremia 29:11, ambapo Mungu anasema anawawazia watu wake mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa tumaini. Utaliona kwenye kalenda, kwenye vioo vya matatu za Kondele, kwenye fulana za kwaya. Ikifika Septemba karo bado inadaiwa, kijana bado anatafuta kazi, na baada ya kipindi cha Biblia watu hunifuata wakiuliza: "Mwalimu, labda sikuamini kwa moyo wote?"

Swali hilo huniuma, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ndiye aliyeomba kuliko wote. Ameambiwa mahali fulani kwamba moyo wote ni moyo usio na swali hata moja, na kwamba ahadi ikichelewa kosa ni lake. Mimi hufundisha Agano la Kale, na nasema bila kusita kwamba mafundisho hayo hayatoki humo. Anayependa sura ya 29 ya Yeremia asiishie hapo. Aendelee mpaka ya 32.

Kwanza ile ya 29, kwa ufupi. Maneno yale ni sehemu ya barua kwa watu waliokwisha kuhamishwa kwenda Babeli, na mstari wa 10, ambao kalenda huuruka, unasema ni lazima miaka 70 itimie. Kule Yerusalemu nabii Hanania alitangaza miaka 2 tu. Ni rahisi kujua nani alishangiliwa. Yeremia aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka. Mzee wa miaka 50 aliyesomewa barua ile alielewa mambo mawili kwa pamoja: ahadi ni ya kweli, na yeye atazikwa ugenini.

Sasa ile ya 32. Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo anapofika Hanameli, mwana wa ami yake, akimwomba anunue shamba lake lililoko Anathothi, kijiji cha nyumbani kwao kilicho kilomita chache kutoka mjini.

Msomaji wa pande zetu haelezwi uzito wa jambo hili. Mtu akitaka ploti Riat au Mamboleo hufanya sachi kuhakikisha mwenye ardhi ni nani, huita mpimaji, huuliza majirani kama kuna kesi. Shamba la Hanameli lingekwama asubuhi ya kwanza: mnunuzi yuko kizuizini, nchi imejaa askari wa kigeni, na mnunuzi huyohuyo amehubiri kwa miaka mingi kwamba wataishinda nchi yote.

Yeremia akanunua. Alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati na kuitia muhuri, akamkabidhi mwandishi wake Baruku hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sababu yake ilikuwa moja tu: Bwana alikuwa amesema kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hiyo. Na tazama kile chombo cha udongo. Anayetarajia jibu wiki ijayo hahifadhi karatasi namna ile. Yeremia aliamini sana, na alijua ni muda mrefu.

Lakini sehemu ninayoirudia kila ninapofundisha ni sala yake, mstari wa 16 hadi 25. Fedha imekwisha kutoka, hati iko kwa Baruku, ndipo anaomba. Anaanza kwa kukiri kwamba hakuna neno lililo gumu Mungu asiloliweza. Anamaliza akimwonyesha Mungu maboma ya adui yaliyofika mjini, upanga, njaa na tauni, kisha anasema: nawe umeniambia, jinunulie shamba! Ametii, amelipa, na bado anashangaa. Wala Mungu hamkemei. Anamjibu kwa kirefu, na katika mstari wa 41 anasema kwamba atawapanda watu wake katika nchi ile kwa moyo wake wote na kwa roho yake yote. Moyo wote unaotajwa pale ni wa Mungu. Huo ndio unaoibeba ahadi, na moyo wangu wenye hofu unauegemea.

Ibrahimu ni vivyo hivyo. Aliondoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka, mwana aliyeahidiwa yeye na mkewe Sara, akazaliwa akiwa na 100. Kati ya hapo kulikuwa na Hajiri, mjakazi aliyemzalia mtoto kabla ya ahadi kutimia, na siku moja alianguka kifudifudi akacheka. Paulo anamwita mtu wa imani hata hivyo.

Turudi kwa Yeremia. Mwaka uliofuata baada ya kununua shamba, Yerusalemu ulianguka. Baadaye Yeremia alichukuliwa mpaka Misri, na Biblia haisemi popote kwamba alilima shamba lile. Ila katika orodha ya waliorudi kutoka Babeli, Ezra 2:23, wamo watu wa Anathothi, 128.

Kwa hiyo dada anayeomba mtoto akinijia, simwambii kwamba ahadi ya Sara ni yake. Ile alipewa Sara kwa jina lake, na kumpa mtu mwingine tumaini ambalo Mungu hakumpa ni ukatili, hata ukifanywa kwa machozi na kinanda. Namwonyesha ahadi ambazo Kristo amezifungua kwa kila amwaminiye: ajaye kwake hatatupwa nje kamwe, hakuna kitakachomtenga na upendo wa Mungu, hataachwa. Hizo azishike bila kupunguza hata moja, maana katika Kristo ahadi za Mungu ni Ndiyo. Kisha namwambia aende akapimwe, pale hospitali ya Jaramogi tunayoiita Russia, au kwingineko, yeye na mume wake. Kwenda kwa daktari si kukosa imani, kama vile Yeremia kuita mashahidi na kuandika hati hakukuwa kukosa imani. Na usiku aombe kwa mpangilio wa sala ile: aanze na uwezo wa Mungu, kisha amtajie maboma yote anayoyaona, moja baada ya jingine, bila kuogopa kwamba kuyataja kutaiharibu imani yake.