Kabla Hujasambaza: Mitandao ya Kijamii Inavyoshika Hisia na Maamuzi Yetu

Kutokana na malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu hapa Dodoma kuhusu taarifa zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kitengo chetu cha ushauri nasaha kinatoa ufafanuzi ufuatao. Wengi wanaolalamikiwa si watu wabaya. Ni wazazi, wana-VICOBA, wanajumuiya, watu waliotaka kuwatahadharisha wenzao wakashindwa kutulia kwa dakika chache tu.

Mfano tunaokutana nao sana ni huu. Sauti ya mama asiyejulikana inaingia kwenye grupu la wazazi asubuhi. Analia. Anasema wasichana wanachomwa sindano shuleni na hawatazaa tena, "wahini watoto wenu." Hataji shule wala tarehe. Kabla ya adhuhuri sauti imezunguka Nkuhungu, Ipagala hadi Chamwino, na wazazi wamejaa getini. Chanjo yenyewe ni ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, na imekuwa ikitolewa nchi nzima tangu mwaka 2018. Nesi aliyekuja kuitoa amepigwa picha, na jioni hiyohiyo picha yake inazunguka ikiwa na neno "muuaji".

Mtu mwenye akili zake timamu anafikaje hapo? Mzazi akisikia kilio, mwili hutangulia: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mawazo yote yanabanwa kwenye hatari iliyotajwa. Swali la "nani kasema?" linakosa nafasi. Baada ya hapo ujumbe uleule unaingia kutoka kwa shemeji, kisha grupu la kwaya, kisha la mtaa. Tangu mwaka 1977 watafiti wa saikolojia wameonesha kwamba kauli iliyorudiwa huonekana ya kweli zaidi hata kama haijaongezewa ushahidi wowote. Magrupu matatu yaliyopokea sauti moja si mashahidi watatu.

Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa habari zilizoenea Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena, na za kweli zilichukua takribani mara sita ya muda wa zile za uongo kuwafikia watu 1,500. Waliozipa za uongo kasi hiyo hawakuwa roboti, walikuwa binadamu. Hisia nazo huambukizana: mwezi Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook ilipunguza habari za furaha kwenye kurasa za baadhi ya watumiaji, katika jaribio lililohusisha watu 689,003. Waliopunguziwa wakaanza kuandika maneno ya furaha machache zaidi na ya huzuni mengi zaidi. Athari ilikuwa ndogo, na hatupendi itiwe chumvi, lakini ilikuwepo.

Sasa tuje kwenye kauli tunayoisikia kila siku: "Mimi sikutunga, nimesambaza kama nilivyopokea." Tunaomba hili lieleweke. Kuandika "kama nilivyopokea" hakukupi kinga yoyote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kama ulijua au hukujua, hilo litaamuliwa na mahakama, na hadi kufika huko utakuwa umeshatoa maelezo kituoni. Kifungu cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na viwango vya adhabu ni hivyohivyo.

Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshapita mikono mingi. Mpigie mwalimu mkuu au mtendaji wa mtaa kwanza. Kwa nini mtu awe na salio la kutuma sauti kwa magrupu yote lakini akose la simu moja?

Uliyechafuliwa, usifute chochote. Piga picha ya skrini inayoonesha namba, tarehe na saa. Usiisambaze kwa ndugu kuwauliza "mmeona hii?", maana utakuwa unaiendeleza wewe mwenyewe. Nenda kituo cha polisi, toa maelezo, upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, na uitunze. Simu yako inaweza kuhitajika kwa uchunguzi, kwa hiyo nenda nayo. Kama ni utapeli wa pesa, tuma ujumbe huo kwenda 15040 na ufuate maelekezo utakayojibiwa. Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Yule nesi naye ana haki ya kuhudumiwa. Aliyedhalilishwa mtandaoni anaweza kukosa usingizi, kuogopa kutoka nje, kushtuka simu inapolia, hata kutamani kufa. Watu kama hawa tunawashauri waende Mirembe na wanakataa, kwa sababu hapa mjini "nenda Mirembe" limegeuzwa tusi. Inatuumiza. Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, inahudumia wagonjwa wa nje, na mtu huonwa na daktari akarudi nyumbani. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe rufaa. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.