Bamvua, Maji Mafu na Ratiba ya Familia: Dhana Potofu za Wanaokuja Watamu

Kila likizo ya shule inapokaribia, sisi tunaopeleka familia kwenye hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, katika pwani ya Kenya, hupokea simu zenye maneno yaleyale: tunakuja na gari kutoka Nairobi, tutalala kwa rafiki yetu Kilifi, na baharini tutaingia tukishamaliza kunywa chai. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonichosha, kwa kuwa yamebeba dhana kwamba bahari ni ileile saa zote na kwamba kazi ya familia ni kuchagua tu saa inayoipendeza.

Ukweli ni kwamba katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi saa 24 kidogo, na kwa sababu ya hiyo ziada majira yake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukingamana na tofauti hupungua hadi karibu mita 1: hayo ndiyo maji mafu. Hayo wengi waliyasoma shuleni. Wasilolijua, na ambalo ningependa kila mzazi alikariri kabla ya kujaza gari mafuta, ni kwamba bamvua ya pwani yetu ina saa zake: maji hukauka kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja jioni. Baada ya wiki moja, katika maji mafu, mambo hugeuka, yakawa yamejaa asubuhi na yamekupwa alasiri.

Kwa nini jambo hili liamue ratiba nzima? Kwa sababu maji yakiwa madogo, mwamba wa nje huvunja mawimbi, na maji yaliyobaki ndani hutulia na kuonyesha matumbawe na samaki vizuri kwa mtoto aliyevaa miwani na mrija. Familia inayofika ufukweni saa nane mchana siku ya bamvua hukuta maji yanaingia kwa kasi, mchanga umetibuka, mawimbi yameanza kuruka mwamba, na watoto waliojifunza kuogelea katika bwawa la hoteli wanasukumwa huku na huku. Hapo baba hulalamika kwamba picha alizoonyeshwa zilikuwa za uongo. Picha zilikuwa za kweli. Zilipigwa saa nne asubuhi.

Hori la Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu hapo Watamu, kwa upande wake, hutaka hesabu nyingine. Anayetaka kupita kwa mtumbwi katikati ya mikoko anahitaji maji makubwa, na anayetaka kuwaona ndege wahamiaji, ambao ni wengi kati ya Oktoba na Aprili, anahitaji maji yaliyokupwa ili tope libaki wazi wapate kula. Hivyo katika bamvua familia inaweza kuwa kwenye matumbawe asubuhi na kwenye mikoko jioni, na katika maji mafu ikapindua mpango huohuo. Saa zinazobaki katikati zinatosha kuona magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, au kutembea chini ya miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hata hivyo, mtoto asiachwe kuogelea karibu na mlango wa hori siku za bamvua, kwa kuwa maji mengi hutoka pale kwa wakati mmoja na mkondo wake ni mkali.

Dhana hii ina mdogo wake: kwamba maji mafu maana yake ni bahari tulivu. Mawimbi huletwa na upepo. Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali utokao kusini, na hata mwezi ukiwa nusu bahari inaweza kuchafuka. Kwa hiyo anayeweza kuchagua likizo achague ya Desemba, kusi likiwa limekwisha.

Kuhusu rafiki aliyewakaribisha, si kweli kwamba kila anayeishi pwani anajua majira ya maji. Mtu anayefanya kazi benki au dukani anaweza kuishi Kilifi miaka mingi bila kuhesabu mwezi hata mara moja, na ukarimu wake, hasa mahamri na mbaazi zisizokwisha mezani, ndio unaozichelewesha familia nyingi. Mtakeni radhi mapema, mle mkirudi. Mwulizeni mvuvi au nahodha, au mtazame jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya.

Mengine nitayapitia haraka. Matumbawe si mawe ya kusimamia: ni wanyama wadogo waliojijengea nyumba za chokaa, na aina nyingine hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka, kwa hiyo teke moja la mguu hubomoa kazi ya miaka. Mkate haumsaidii samaki, hata kama mtoto analia apewe kipande cha kurusha. Makombe yaliyo tupu nayo si mali ya aliyeyaona. Kaa wadogo huhamia ndani yake, na ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kuokota chochote. Wako pia wanaodhani kwamba gari likitoka Nairobi alfajiri, mchana wataogelea Watamu. Mombasa peke yake iko kilomita zipatazo 480, bado kuna zaidi ya 100 mbele, na Mtwapa ina msongamano wake. Siku hiyo ni ya kufika, kusalimiana na kulala.

Mwisho, ada ya hifadhi na nauli ya mashua ni malipo mawili tofauti. Ada hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, si kwa noti zilizokunjwa mkononi, na kwa kuwa mtandao wa simu una siku zake, ilipeni usiku uliotangulia.