Faida ya pango ni nini, na ile laki mbili ya muuzaji nani kasema?

Faida ya pango ni pesa ya wapangaji unayopata kwa mwaka, unaigawanya kwa gharama yote iliyokutoka kuipata nyumba, alafu unazidisha kwa mia. Nasema pango makusudi maana ya mpangaji tunaita kodi na ya TRA, mamlaka ya mapato, tunaita kodi, na hapo ndo wengi hesabu inawapotea.

Chukua nyumba ya Goba, Dar, inauzwa milioni 120, ina vyumba vinne masta, muuzaji anakwambia kila kimoja kinaenda laki mbili. Hapo ni laki nane kwa mwezi, milioni 9.6 kwa mwaka, asilimia 8. Tamu. Sasa anza kutoa. Kila chumba kikikaa tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, laki nane imeondoka, inabaki milioni 8.8. TRA asilimia 10 ya pango, yani laki nane na themanini. Ukarabati weka hata laki sita, kuna rangi, koki, shimo la choo kujaa. Mkononi unabaki na milioni 7.32, kama asilimia 6.1 hivi, na hapo sijagusa gharama za mwanasheria na kuhamisha hati ambazo nazo zinaingia kwenye bei uliyonunulia. Mwaka 2022 BoT, yani Benki Kuu, ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25, ambayo ni kuikopesha serikali ikulipe riba, toka asilimia 15.95 hadi 12.56, na hiyo iliyoshushwa bado ni mara mbili ya nyumba yetu na haimwiti fundi bomba usiku. Kweli nyumba inapanda bei, ila hiyo ni hesabu nyingine usiichanganye humu.

Kigumu sio kugawanya, kigumu ni hiyo laki mbili. Nani kasema? Bei inayotajwa na bei inayolipwa ni vitu viwili, mwenye nyumba anataja laki mbili, mtu anakuja na ya miezi sita mkononi anapewa kwa laki na nusu, na ukiweka laki na nusu kwenye mfano wetu, na mwezi ule ule wa kukaa tupu, unashuka hadi kama asilimia 4.5. Kwa hiyo usiende kama mnunuzi. Nenda kama mtu anayetafuta chumba, piga simu kwa madalali watatu wa mtaa ule ule, uliza bei, uliza ukilipa ya mwaka wanapunguza ngapi, uliza hicho chumba kimekaa tupu toka lini. Zunguka uhesabu vibao vya INAPANGISHWA, rudi baada ya mwezi uone vingapi bado vipo.

Kuna wanaosema Dar mpangaji hakosi, sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Sawa, ila sio wote hao wanatafuta chumba kwenye mtaa wako, mtu anaangalia nauli ya kwenda kazini, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na mvua ikinyesha bajaji inafika mlangoni au inaishia lami. Mwezi wa nne masika ikikolea ndo uende kuangalia, na wapangaji waliomo waulize wenyewe wanalipa ngapi na luku ya umeme wanachangia au kila mtu ana yake.

Muuzaji akuonyeshe mikataba yao, angalia kiasi na tarehe za malipo. Akikosa hata mmoja, hesabu yako ianze na bei uliyopewa ulipojifanya mpangaji.