Chaji mbili na kani isiyotulia: dhana potofu na ukweli kuhusu kalkulasi katika umemetuli

Dhana: Kazi ni kani mara umbali, basi.

Kanuni hiyo inafaa pale tu kani inapokuwa ileile tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Kani kati ya chaji za umeme, ambayo mwanafizikia Mfaransa Coulomb aliipima kwa mizani ya msokoto (kifaa kinachopima kani ndogo kwa kujipinda kwa uzi) mwaka 1785, haina tabia hiyo: umbali ukiongezeka mara mbili, kani inabaki robo.

Chukua chaji mbili chanya, kila moja maikrokulombi 1, zikiwa zimeachana sentimita 10. Zinasukumana kwa kani ya takriban nyutoni 0.9. Shikilia moja, iachie nyingine isogee mpaka ziachane sentimita 20. Sasa kani ni nyutoni 0.225. Uzidishe ipi? Ukitumia ya mwanzo unapata jouli 0.09, ukitumia ya mwisho unapata 0.0225. Wajanja huchukua wastani wa hizo mbili, wakapata kama 0.056, nao wamekosa vilevile. Grafu ya kani si mstari mnyoofu: huporomoka haraka mwanzoni, kisha hulala, kwa hiyo muda mwingi wa safari iko chini ya wastani huo.

Jibu ni jouli 0.045. Unaikata safari vipande vidogo mno, kiasi kwamba ndani ya kila kipande kani ni kama haibadiliki, unazidisha kipande kwa kipande, kisha unajumlisha vyote. Intigrali ni hiyo tu, eneo lililo chini ya grafu, wala haihitaji kuogopwa. Kutoka umbali a hadi b inatoa kq₁q₂(1/a − 1/b), q₁ na q₂ zikiwa chaji mbili na k namba isiyobadilika ya kanuni ya Coulomb. Weka mita 0.1 na 0.2, utaona 0.09 ikitolewa 0.045.

Dhana: Kuleta chaji kutoka mbali kusiko na mwisho kunahitaji nishati isiyo na mwisho.

Hii huwanasa hata wanafunzi wazuri, maana inasikika kama mantiki: umbali hauna mwisho, kani haifiki sifuri kamwe, kwa nini jumla isiwe kubwa kupita kiasi? Nishati ya kuileta chaji ni ileile inayotoka ikisukumwa kwenda mbali, basi rudi kwenye jibu la juu. b ikikua bila kikomo, 1/b inayeyuka hadi sifuri, na kinachobaki ni kq₁q₂/a. Kwa chaji zetu ni jouli 0.09, hakuna zaidi. Yaani safari yote ya kutoka sentimita 20 kwenda mbali kusikofikika inabeba jouli 0.045, sawasawa na zile sentimita 10 za kwanza!

Siri iko kwenye kipeo cha pili: kani hupungua kwa 1/r², r ikiwa umbali. Kani ingekuwa inapungua kwa 1/r tu, intigrali ingetoa logariti, nayo logariti hukua bila kikomo. Hapo dhana hii ingekuwa kweli.

Dhana: Penye potensheli sifuri hakuna uga wa umeme.

Potensheli ni nishati kwa kila kulombi moja ya chaji, na uga ni kani kwa kila kulombi. Uga ni mteremko wa potensheli, ukiwekewa alama ya kutoa. Kimo chenyewe, yaani thamani ya potensheli mahali hapo, hakiusemi. Katikati ya chaji chanya na hasi za maikrokulombi 1 zilizoachana sentimita 20, potensheli ni sifuri kamili, ilhali uga ni kama volti milioni 1.8 kwa mita. Zifanye zote chanya na mambo yanageuka: uga sifuri, potensheli volti 180,000 hivi.

Dhana: Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) huhifadhi nishati QV, yaani chaji mara volteji.

Nusu yake tu. Chaji ya kwanza huingia volteji ikiwa karibu sifuri, ya mwisho hukuta volteji kamili, hivyo intigrali inatoa ½QV. Kapasita ya maikrofaradi 100 kwenye betri ya volti 12 huhifadhi milijouli 7.2, ingawa betri imetoa 14.4. Zilizobaki zimekuwa joto kwenye waya. Kuweka waya wenye ukinzani mdogo hakupunguzi hasara hiyo. Kapasita itajaa upesi zaidi tu.