Nyani wa Nakuru hajui jina la shirika

Kila serikali inapotangaza kuunganisha mashirika ya umma, huku kwetu Lanet maneno huanzia stegi. Wapo wanaosema KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ikiguswa wanyama wamekwisha. Wengine husema afadhali iwe ofisi moja, kazi itaenda.

Nianze na hao wa ofisi moja. Kenya ilishaunganisha. Hadi 1976 mbuga za kitaifa zilikuwa na wasimamizi wao, na idara nyingine ilishughulikia wanyama walio nje ya mbuga. Mwaka huo zikafanywa idara moja chini ya wizara. Ndovu, waliozidi 160,000 mapema miaka ya 1970, hawakufika 20,000 ilipofika 1989. Waliowaua ni majangili, si muungano, lakini ofisi moja haikuwaokoa. KWS ikaundwa kwa sheria ya 1989 na kuanza kazi 1990, safari hii ikiruhusiwa kutumia pesa inazokusanya getini.

Wengi pia huamini kila pori ni la KWS. Mbuga ya Ziwa Nakuru, sawa. Ukienda hadi Ziwa Bogoria, hiyo ni hifadhi ya Kaunti ya Baringo. Kakamega, ukiingilia Buyangu upande wa kaskazini unapokewa na KWS; ukiingilia Isecheno, upo kwa watu wa misitu, KFS. Msitu ni mmoja.

Dhana inayoniuma ni ya fidia: kwamba mnyama akila shamba, KWS hulipa. Jirani yangu analima mahindi karibu na ua wa mbuga. Nyani huvuka waya asubuhi na mapema, huvunja hindi, huling'ata mara moja, hulitupa na kuchukua lingine. Nimeyaokota naye, mistari mizima, yana alama ya meno upande mmoja tu. Alizunguka na karatasi zake ofisi baada ya ofisi, asipate wa kumwambia ukweli.

Ukweli ni huu. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, madai hupitia kamati ya fidia ya kaunti, nayo humpelekea waziri mapendekezo. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa na sheria hiyo, familia hulipwa shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3. Majeraha mengine hayazidi milioni 2. Mazao nayo hufidiwa, ila sharti mnyama awe kwenye orodha ya sheria hiyo, na mwenye shamba awe amechukua hatua za kulilinda. Nyati yumo. Kiboko yumo. Nyani hayumo.

Kwa hiyo wakiunganisha au wakitenganisha, jirani yangu hapati kitu mpaka orodha yenyewe ibadilishwe. Anayevamiwa na nyati aripoti siku hiyo hiyo, apige picha za nyayo na mabua kabla hajasafisha shamba, ili afisa akifika akute ushahidi. Jirani yangu bado huamka saa kumi na moja, na debe na rungu.