Je, wajua kwa nini rozari hutuliza mapigo ya moyo?

Jioni za mwezi Oktoba, katika mitaa iliyo jirani na Misheni pale Bagamoyo, husikika sauti zikipokezana nyuma ya ukuta wa ua. Mmoja anaanza, "Salamu Maria, umejaa neema", wengi wanaitikia, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu". Ni jumuiya inasali rozari. Shangazi yangu ana presha ya miaka mingi, naye husema kila akitoka pale kifua kinakuwa chepesi. Nilikuwa namwitikia tu "ndiyo, shangazi", kwa heshima. Kumbe alikuwa anaeleza jambo ambalo madaktari walishalipima.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa daktari Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake. Walichukua watu wazima 23 wenye afya njema, wakawapima pumzi, mapigo ya moyo na presha huku wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno yanayorudiwarudiwa na watu wa yoga. Mara zote mbili upumuaji ulishuka hadi karibu pumzi sita kwa dakika. Mtu mzima aliyekaa ametulia kwa kawaida huvuta kati ya 12 na 20.

Kwa nini sita? Presha ya damu haikai mahali pamoja. Ina wimbi dogo la kupanda na kushuka linalorudi kila baada ya sekunde kumi hivi. Pumzi sita kwa dakika maana yake ni pumzi moja kila sekunde kumi. Basi pumzi na damu vinakwenda kwa mwendo mmoja, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja bila kugonganisha michi. Katika mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo kuna sehemu zinazohisi presha ikipanda. Zikiihisi, zinaupasha habari ubongo, nao unauamuru moyo upunguze mwendo. Kwa wale watu 23, wepesi wa mfumo huo kuitika uliongezeka kwa karibu asilimia 20 walipokuwa wanasali. Kwa mgonjwa wa presha hilo si dogo, maana kwa wengi wao mfumo huo huwa mzito kuitika.

Kuna na jambo jingine rahisi zaidi: mtu husema akiwa anatoa pumzi. Jaribu kusema "utuombee sisi wakosefu" huku unavuta hewa, utachekwa. Kwa hiyo sala ndefu ya kutamka huirefusha pumzi ya kutoka, na pumzi inapotoka ndipo moyo hupunguza kasi. Kusali kwa kupokezana kunakamilisha kazi. Mwongozaji anapotamka nusu yake, wewe uko kimya unavuta hewa taratibu; ukiitikia, unaitoa. Hakuna aliyekufundisha kupumua, umefundishwa sala.

Hapa niwe mkweli kuhusu Kiswahili chetu. Nimehesabu silabi kwa vidole: nusu ya kwanza ya Salamu Maria kwa Kilatini ina silabi 39, kwa Kiswahili 50. Nusu ya pili ni 30 kwa 37. Sala yetu ni ndefu kuliko ile iliyopimwa Italia, na anayetaka kuimaliza kwa pumzi ileile hana budi kukimbia. Ndiyo maana siinasibishi nafuu hiyo na rozari ya saa kumi na moja alfajiri, ile inayosaliwa mbiombio kwa kuwa watu wanawahi gari la Dar. Rozari moja ina Salamu Maria 53. Ukizipa sekunde kumi kila moja, ni karibu dakika tisa. Kwa Kiswahili zipe zaidi.

Wala nafuu hii si mali ya Wakatoliki peke yao. Bagamoyo ni mji wa misikiti kabla haujawa mji wa misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 na kuwakuta watu wakihesabu tasbihi. Bernardi na wenzake waliandika kwamba huenda hata rozari yenyewe iliingia Ulaya kupitia kwa Waarabu, wakati wa vita vya msalaba. Mzee anayevuta uradi barazani pumzi zake zinafanya kazi ileile.

Pumzi si yote. Wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 16, na matokeo yakatolewa mwaka 2016: waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 33, wakilinganishwa na wasiokwenda kabisa. Huo si ushahidi kwamba ibada ndiyo dawa. Ila anayejua jumuiya anaelewa: usipoonekana wiki mbili, mtu anagonga mlango na uji mkononi.

Na kuombewa na watu usiowajua? Hilo nalo lilipimwa, mwaka 2006, kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo huko Marekani. Walioombewa bila kuwa na uhakika wa hilo walipata matatizo karibu sawa na wasioombewa, na waliohakikishiwa kuwa wanaombewa wakapata zaidi kidogo: asilimia 59 ya hao walipata matatizo. Labda waliingiwa hofu: kwani hali yangu imefikia hapo? Mimi naona Mungu hapimwi kwa jedwali, lakini pia naona jedwali hilo halipaswi kufichwa.

Wala sala si sababu ya kuacha dawa: tulishaona Loliondo mwaka 2011, watu walipofuata kikombe cha dawa ya Babu na wengine wakaacha dawa za ARV, zile za kupunguza makali ya Ukimwi. Yoshua bin Sira, katika kitabu chake kilichomo kwenye Biblia ya Wakatoliki, sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali na ampe tabibu nafasi yake, vyote viwili.

Shangazi anameza vidonge vyake kila asubuhi. Siku ya kliniki hukaa benchi na rozari mkononi, midomo ikicheza, zile dakika tano za kutulia kabla ya kupimwa. Mkanda ukianza kubana mkono, nesi humwambia, "Mama, nyamaza kwanza," kwa sababu kuongea hupandisha kipimo. Hata Salamu Maria inasubiri mpaka mkanda ulegee.