Tangi lililofukiwa huibuka, hata Dodoma

"Fundi, Dodoma hii kame, maji ya kuinua tangi yatoke wapi?" Maneno hayo nimeyasikia tena juzi kwa mama mmoja wa Nkuhungu, aliyenipigia simu alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha. Tangi lake la plastiki la lita 5,000, lililofukiwa wakati wa kiangazi, lilikuwa limeibuka. Nilikuta shingo na mabega yako nje, sakafu ya saruji imepasuka kama ganda la yai, bomba limekatika kwenye kiungo. Ndani hamkuwa na maji hata ndoo mbili. Nikachomeka fito pembeni mwa tangi. Ikatoka imelowa karibu yote.

Ukame wa Dodoma unawadanganya watu. Ni kweli mwaka mzima tunapata milimita 570 hivi tu, lakini karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji polepole mno. Ukichimba shimo humo umefinyanga bakuli, na kifusi laini ulichorudishia ndiko maji ya uwanja mzima yanakokimbilia. Huhitaji mto wala chemchemi.

Sasa piga hesabu ya Archimedes. Tangi hilo likizungukwa na maji hadi juu, limechukua nafasi ya mita za ujazo 5 za maji, yaani kilo 5,000, na maji yanalisukuma juu kwa uzito huohuo. Lenyewe likiwa tupu, vijana wachache wanalibeba mabegani. Tofauti ni karibu tani tano, na lazima kitu kingine kiibebe.

"Udongo wa juu utalishikilia." Upi? Udongo uliolowa una kama kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, lakini ukizama nao unabebwa na maji, unabaki na 900 hivi. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1.8, ukiacha msuguano wa pembeni, unahitaji udongo wa zaidi ya mita 2 juu yake. Wateja wangu huweka nusu mita, halafu wanapanda maua.

Kosa hilohilo wanalo mafundi wenzangu kwenye zege, na hapo ndipo ninapokasirika, maana mteja amelipa. Wanahesabu kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, wanamwaga mita mbili za ujazo, wanaondoka. Zege likiwa ndani ya maji linabaki na 1,400. Kwa tani tano ni zaidi ya mita tatu na nusu za ujazo, na tangi lifungwe kwenye zege hilo kwa mikanda. Zege lililokaa chini bila kushikana na tangi halizuii chochote.

Wengine huacha mfuniko wazi "hewa itoke". Hewa haivuti tangi juu. Kinachosukuma ni maji ya nje, ambayo chini yana shinikizo kubwa kuliko juu. Fungua mfuniko, funga mfuniko, ni mamoja, mpaka maji yaingie ndani.

Kwamba kizito huzama na chepesi huelea, nalo si kweli. Msumari unazama, meli ya chuma inaelea. Kinachoamua ni uzito ukilinganishwa na maji yaliyosukumwa pembeni. Na mvuvi wa bwawa la Mtera anayedhani mtumbwi hubeba zaidi kwenye kina kirefu ajue kwamba kina hakiongezi kitu, ilimradi mtumbwi haugusi chini.

Ninachowasihi wateja wangu kila mwaka: jazeni tangi kabla ya Desemba na msiliache lipungue mvua zikiendelea. Maji ya ndani hulipatia tangi uzito. Sehemu tupu iliyo chini ya usawa wa maji ya nje ndiyo inayosukumwa. Kusafisha tangi ni kazi ya Septemba. Nimeona familia ikilikausha Januari kwa nia njema kabisa, likaibuka kabla ya Jumapili.

Yule mama aliniuliza kama akilijaza sasa litarudi chini. Halirudi, tope limeshaingia chini yake. Tumekubaliana kulichimbua Juni, shimo likikauka, na safari hii zege litamwagwa nikiwa nimesimama pale na futi mkononi.